Hyundai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake na sifa yake

Kampuni hii ya magari ya Korea Kusini iliwahi kuwa kichekesho kwenye televisheni za Marekani. Leo kundi lake ni la tatu duniani kwa wingi wa magari linayouza, nyuma ya Toyota na Volkswagen. Mambo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana maswali kuihusu hayaishi. Tumejibu hapa yale yanayorudi mara nyingi zaidi. Mengine yanatosheka na mistari michache, mengine yanadai hadithi nzima.

Hyundai ilianzishwa na nani?

Na Chung Ju-yung, mtoto wa kwanza wa mkulima maskini. Alizaliwa mwaka 1915 huko Tongchon, sehemu ambayo sasa iko Korea Kaskazini. Enzi hizo Korea ilikuwa moja na ilitawaliwa na Japani. Alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja kwenda kutafuta maisha, na safari mojawapo nauli ilitokana na fedha za ng'ombe wa baba yake. Seoul alianza kwa kupelekea watu mchele kutoka duka la nafaka. Mwenye duka alimwamini hata akamwachia biashara. Wajapani walipoweka mgao wa mchele wakati wa vita, duka likafa. Mwaka 1940 akafungua gereji, gereji ikaungua moto, akakopa tena na kuanza upya.

Baada ya Japani kuondoka mwaka 1945, alianzisha gereji nyingine (1946) na kampuni ya ujenzi (1947), zote kwa jina la Hyundai. Kilichomtajirisha ni ujenzi: kwanza kazi za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Korea, halafu sehemu kubwa ya barabara kuu ya Seoul hadi Busan iliyofunguliwa mwaka 1970, halafu bandari ya Jubail kule Saudi Arabia, mkataba wa mwaka 1976 uliozidi dola milioni 900. Tabia ya Hyundai ya kufanya mambo mbio mbio kama mkandarasi anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi imetoka huko. Tabia hiyo ndiyo iliyoijenga kampuni, na kama utakavyoona, ndiyo iliyoiaibisha pia.

Kampuni ya magari yenyewe, Hyundai Motor, iliundwa Desemba 1967, na aliyekabidhiwa kuiendesha ni mdogo wake, Chung Se-yung.

Na yule ng'ombe? Alilipwa. Mwaka 1998, mzee akiwa na miaka 82, alivuka mpaka wa Panmunjom kuingia Korea Kaskazini na msafara wa malori yaliyobeba ng'ombe 500. Miezi michache baadaye akapeleka wengine 501.

Walianza moja kwa moja kutengeneza magari yao?

Hapana. Walianza kwa kuunganisha Ford Cortina, mwaka 1968, huko Ulsan, mji wa bandari kusini mashariki mwa Korea. Vipuri vinaingia kwenye makasha, watu wanafunga. Cortina ilikuwa gari la barabara za Uingereza, na barabara nyingi za Korea wakati huo zilikuwa vumbi na mashimo. Madereva wa teksi walilalamika, na lawama ziliiangukia Hyundai ingawa gari lenyewe halikuwa lake.

Mazungumzo ya kuingia ubia na Ford yalivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Rais Park Chung-hee nayo ilikuwa ikizibana kampuni za magari zitoe gari la Kikorea. Hyundai, ambayo haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kubuni gari zima, ikasema italitoa.

Basi Pony ilitengenezwaje?

Kwa kununua ujuzi vipande vipande kutoka popote ulipokuwa ukiuzwa. Mwaka 1974 walimwajiri George Turnbull, Mwingereza aliyekuwa ametoka kwenye uongozi wa British Leyland, naye akaja na wahandisi kadhaa wa kwao. Kuchora umbo walimpa Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, yule yule aliyechora Volkswagen Golf ya kwanza. Injini na gia boksi zilitoka Mitsubishi. Oktoba mwaka huo huo gari la mfano lilikuwa limesimama kwenye maonyesho ya Turin, wakati kiwanda cha kulitengenezea kilikuwa bado hakijakamilika.

Pony iliingia sokoni Korea mapema mwaka 1976 na mwaka huo ikauza zaidi ya magari 10,000. Machache yakapelekwa Ecuador, na hayo ndiyo magari ya kwanza ya Hyundai kuvuka bahari. Vita vya Korea vilikuwa vimesimama miaka 23 tu kabla ya hapo.

Wapo wanaosema Pony ilikuwa ya Kikorea kwa jina tu: uso wa Kiitaliano, moyo wa Kijapani, msimamizi Mwingereza. Hoja hiyo ni nyepesi. Viwanda vingi vya kuunganisha magari barani Afrika, Asia na Amerika ya Kusini vilianza na vipuri vya wageni na vikabaki hapo. Hyundai ilishika kitu kimoja ambacho wengine hawakukishika: gari lilikuwa mali yake, na kuliuza nje ilikuwa haki yake bila kumwomba mtu. Wahandisi wa Kikorea waliopelekwa Turin hawakwenda kutazama tu. Mmoja wao, Lee Choong-goo, alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari, na baadaye alipanda hadi kuwa rais wa kampuni. Mwaka 1991 Hyundai ikatoa Alpha, injini ya kwanza iliyobuniwa Korea.

Lakini tusiipambe. Pony ilipofika Kanada mwaka 1984 iliuzwa sana kwa sababu ya bei, kisha chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu ikaanza kula mabati yake.

Kwa nini Wamarekani waliicheka?

Kwa sababu ya Excel. Gari hilo liliingia Marekani mwaka 1986 kwa dola 4,995, bei ambayo mtu wa kipato cha chini aliiweza, na kwa bei hiyo mnunuzi alipata gari jipya badala ya Chevrolet iliyochoka. Mwaka wa kwanza yaliuzwa magari 168,882. Hakuna kampuni ya nje iliyokuwa imeanza kwa kishindo hicho katika soko la Marekani. Mwaka 1987 yakapita 260,000.

Halafu magari yakaanza kuzeeka, na yalizeeka haraka. Rangi ilipauka, vitu vya ndani vikalegea, injini na gia boksi zikasumbua mapema. Wauzaji walikuwa wengi lakini mafundi wenye ujuzi na vipuri walikuwa wachache. Mnunuzi wa gari la bei ya chini ndiye asiyeweza kumudu matengenezo, kwa hiyo mengi yalitelekezwa, na bei yake mtumba ikaporomoka. Wachekeshaji wa usiku wakapata mtaji. Ukitaka kumdhihaki mtu uliitaja Hyundai yake.

Kampuni ilijibu kwa kosa la pili. Mwaka 1989 ilifungua kiwanda huko Bromont, Quebec, cha kutengeneza Sonata. Mauzo hayakutosha kukilisha, kikafungwa mwaka 1993. Kufikia 1998 Hyundai ilikuwa ikiuza Marekani karibu magari 90,000 tu kwa mwaka, theluthi moja ya kilele chake.

Jambo la kuzingatia hapa: Excel haikuwa gari la utapeli. Ilikuwa gari la kawaida la bei ya chini lililouzwa kwa wingi kuliko uwezo wa kampuni kulihudumia. Kampuni ndogo ingeuza magari elfu tano mabovu na kusahaulika. Hyundai iliuza laki kadhaa, kwa hiyo karibu kila mtaa wa Marekani ulikuwa na shahidi.

Walijinasuaje?

Mambo matatu yalikwenda pamoja, na ni vigumu kusema lipi lilikuwa kubwa zaidi.

La kwanza ni mtu. Chung Mong-koo, mtoto wa mwanzilishi, alishika usukani wa kampuni ya magari mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapo kabla alikuwa akisimamia huduma baada ya mauzo, yaani kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupokea magari yaliyoharibika na wenye magari waliokasirika. Alipopanda akageuza ubora kuwa jambo la bodi. Alijulikana kwa kuzunguka viwandani akifungua boneti mwenyewe na kuuliza.

La pili ni dhamana. Mwaka 1998 Hyundai ilitangaza Marekani kwamba injini na mfumo wote wa kusukuma gari vitadhaminiwa miaka 10 au maili 100,000 kwa mmiliki wa kwanza. Wenzake walikuwa wakitoa miaka mitatu au mitano. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na washindani walilisoma tangazo lile hivyo hivyo: hawa wanajitembeza kwa kuwa hakuna anayewataka. Lakini dhamana ile iliwabana wahandisi kuliko ilivyowavuta wateja. Kila injini mbovu sasa ingerudi kwa gharama ya Hyundai yenyewe, muongo mzima. Mwaka 2004, katika utafiti wa J.D. Power wa ubora wa magari mapya Marekani, Hyundai ilisimama nafasi ya pili sawasawa na Honda. Wengi walidhani ni makosa ya uchapaji.

La tatu ni ujanja wa wakati mgumu. Januari 2009 uchumi wa Marekani ulikuwa unazama na hakuna aliyethubutu kukopa. Hyundai ikasema: nunua, na ukipoteza kazi ndani ya mwaka mmoja, turudishie gari. Mwezi huo mauzo yake yalipanda, wakati soko zima lilishuka kwa zaidi ya theluthi. Mwezi huo huo gari lake la Genesis likatangazwa gari la mwaka la Amerika ya Kaskazini. Katikati ya miaka hiyo walikuwa wameshamchukua pia Peter Schreyer kutoka kundi la Volkswagen kuchora magari ya Kia, na umbo likaacha kuwa la kuombea radhi.

Hyundai na Kia ni kitu kimoja?

Ni ndugu wanaoshindana kwa wateja huku wakipika jikoni moja. Kia ndiyo mkubwa kwa umri: ilianza mwaka 1944 ikitengeneza vipuri vya baiskeli, ikatoa baiskeli ya kwanza ya Korea, ikapanda hadi malori ya miguu mitatu kwa leseni ya Mazda, kisha magari. Msukosuko wa fedha wa Asia ulipopiga mwaka 1997 ikafilisika. Ford waliitamani, lakini mwaka 1998 Hyundai ndiyo iliyoichukua kwa asilimia 51. Leo Hyundai ina takriban theluthi moja ya hisa zake, na hiyo yatosha kuiongoza.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: Tucson na Sportage, Santa Fe na Sorento, Accent na Rio, i10 na Picanto zina mifupa ya pamoja na mara nyingi injini ya pamoja. Sifa njema ya mmoja ni ya mwenzake. Ugonjwa pia.

Hyundai ya meli na ya katapila nazo ni za kampuni hiyo hiyo?

Zilikuwa. Watoto wa mwanzilishi waligombea urithi waziwazi mwaka 2000, magazeti ya Korea yakauita ugomvi wa wana wa mfalme, na himaya ikagawanyika. Magari yakajitenga Septemba mwaka huo chini ya Mong-koo. Meli na mitambo mizito zilikwenda upande mwingine wa familia na sasa zinaitwa HD Hyundai. Iliyokuwa Hyundai ya vifaa vya elektroniki ndiyo leo SK Hynix, mtengenezaji mkubwa wa chipu za kumbukumbu. Mwanzilishi alifariki Machi 2001, watoto wake wakiwa wameshagawana.

Kwa wasomaji wa Tanzania kuna kiungo kimoja cha kweli. Vichwa vya umeme na treni zile za mchongoko kwenye reli ya SGR vimetengenezwa na Hyundai Rotem, na Rotem iko upande wa magari. Kwa hiyo abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma ambaye hajawahi kupanda gari la Hyundai huenda ameshasafiri na kundi hilo kwa mamia ya kilomita.

Mbona Hyundai ni chache Dar na Nairobi, ilhali Muscat na Dubai zimejaa?

Swali hili huulizwa kama vile jibu lake ni ubora. Jibu lake ni usukani.

Korea wanaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani uko kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kama Japani. Magari mengi yanayoingia kwetu ni mtumba, na mtumba unafuata usukani. Ndiyo maana gari lililotumika Japani linashuka bandarini na kuingia barabarani bila kubadilishwa, wakati lililotumika Seoul haliwezi. Kenya inakataa kuandikisha gari la usukani wa kushoto isipokuwa kwa sababu maalumu. Mtumba wa Korea unaondoka bandari ya Incheon kwenda nchi nyingine kabisa.

Huenda mtu akauliza: basi tuchukue Hyundai zilizouzwa Japani. Hazipo. Hyundai iliingia Japani mwaka 2001 na kuondoka mwaka 2009 ikiwa imeuza magari kama 15,000 tu kwa miaka yote hiyo, na iliporudi mwaka 2022 ilirudi na magari ya umeme na haidrojeni peke yake. Kwenye minada ambako wauzaji wetu hununua, Hyundai ni kama haipo. Zinazofika kwetu zikiwa na usukani wa kulia hutoka zaidi Uingereza, Afrika Kusini au kiwanda cha Hyundai kilicho karibu na Chennai, India, kilichofunguliwa mwaka 1998 na Santro, gari dogo lililoifanya Hyundai iwe jina la nyumbani huko.

Ghuba ni habari tofauti. Oman, Falme za Kiarabu na Qatar wanaendesha kulia, magari mengi yananunuliwa mapya, na wauzaji rasmi wana mtaji. Mswahili aliyekulia Muscat anaiona Hyundai kama sisi tunavyoiona Toyota: gari la kila mtu. Hata DRC, Rwanda na Burundi, ambako sheria ni kuendesha kulia, gari kutoka Korea halina kikwazo cha usukani. Ethiopia pia wanaendesha kulia, na huko mwanariadha Haile Gebrselassie ana kampuni inayounganisha Hyundai.

Wingi wa magari nao huzaa wingi wa spea, na spea huzaa mafundi. Fundi wa Kariakoo, Dar, au Grogan, Nairobi, aliyefungua injini elfu za Toyota atakwambia Hyundai ni mbovu, na mara nyingi anachomaanisha ni kwamba hajaizoea.

Kashfa ya injini za Theta ilikuwa nini hasa?

Hili ndilo doa kubwa la miaka ya karibuni, na linastahili kuelezwa polepole.

Theta II ni injini ya petroli ya lita 2.0 na 2.4 iliyofungwa kwenye Sonata, Santa Fe, Tucson, Kia Optima, Sorento na Sportage. Katika kiwanda cha Alabama, kranki shafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zilipokuwa zikikerezwa, vipande vidogo vya chuma vilibaki kwenye njia za oili. Oili ikakosa njia ya kufika kwenye beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kranki. Beringi zikakauka, injini ikaanza kugonga, kisha ikanoki. Kwa bahati mbaya zaidi konrodi ilitoboa bloku, oili ikamwagikia sehemu zenye moto, gari likawaka.

Hyundai ilianza kuyaita magari hayo yarudi kurekebishwa mwaka 2015, karibu 470,000 nchini Marekani, ikisema tatizo ni la kiwanda kile na kipindi kile. Ndani ya kampuni kulikuwa na mhandisi aliyefanya kazi hapo zaidi ya miaka 20, Kim Gwang-ho, aliyeamini kuwa tatizo ni kubwa kuliko linavyosemwa. Mwaka 2016 alichukua nyaraka akazipeleka kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Kampuni ikamfukuza na kumshtaki. Mwaka 2017 magari mengine zaidi ya milioni moja yakaitwa, na Korea nako yakaitwa. Mwaka 2020 Hyundai na Kia zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa na kutoa taarifa zisizo sahihi. Mwaka uliofuata Kim alipewa na serikali ya Marekani zawadi ya zaidi ya dola milioni 24.

Kinachokera si chuma kwenye njia ya oili. Kosa la kukereza linaweza kumpata yeyote. Kinachokera ni kuyaita magari kwa mafungu, kila fungu likidaiwa kuwa la mwisho. Na haikuwa mara ya kwanza kwa kundi hili kuambiwa limepunguza ukweli: mwaka 2012 ilibainika kuwa limetangaza matumizi ya mafuta madogo kuliko halisi kwa mamia ya maelfu ya magari, na mwaka 2014 likalipa faini ya dola milioni 100.

Ni kweli Hyundai na Kia zinaibika kirahisi?

Hilo ni la Marekani hasa. Magari mengi ya ufunguo wa kawaida yaliyouzwa huko kati ya mwaka 2011 na 2021 hayakufungwa imobilaiza, kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Sheria ya Marekani haikukilazimisha, kampuni ikabana matumizi. Vijana wakaonyeshana TikTok namna ya kuwasha gari kwa ncha ya waya wa USB, na miji mizima ikakumbwa. Watu walikufa katika ajali za magari yaliyoibwa. Kanada na Ulaya, ambako imobilaiza ni lazima, magari yale yale hayakuwa na shida hiyo. Chetu cha kufahamu: gari la mtumba kutoka Uingereza haliingii kwenye mkumbo huo.

Magari yao ya umeme ni mazuri kama inavyosemwa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ioniq 5 ya mwaka 2021, yenye mistari iliyonyooka inayomkumbusha mtu Pony, ilitwaa tuzo ya gari la mwaka duniani 2022. Kia EV6 ikatwaa ya Ulaya mwaka huo huo. Ioniq 6 na Kia EV9 zikafuata kwa dunia 2023 na 2024. Mfumo wake wa volti 800 unajaza betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika kama 18 kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha, na gari linaweza kutoa umeme wa kuwasha friji au kuendesha grainda. Nchi ya umeme wa kukatika kila jioni inaweza kulipenda gari la namna hiyo kwa sababu ambazo wabunifu wake hawakuzifikiria.

Lakini mbio zile zile zimeacha alama. Kona za umeme zilishika moto mara kadhaa, na mwaka 2021 kampuni ikatangaza kubadilisha betri za magari kama 82,000 duniani kote, mengi yakiwa Kona. Mwaka 2024 Ioniq na Kia EV6 zikaitwa kwa kifaa cha kuchaji kinachoua betri ndogo ya volti 12 na kulisimamisha gari njiani.

Familia ya Chung bado ndiyo inayoongoza?

Ndiyo, kizazi cha tatu. Chung Eui-sun, mjukuu wa mwanzilishi, ni mwenyekiti tangu Oktoba 2020. Babu aligombea urais wa Korea mwaka 1992 akashika nafasi ya tatu. Baba, Mong-koo, alipatikana na hatia ya ubadhirifu mwaka 2007, akahukumiwa miaka mitatu jela, adhabu ikaahirishwa, na mwaka 2008 akasamehewa na rais wa nchi. Mwaka 2014 kundi lilinunua kiwanja cha makao makuu Gangnam kwa won trilioni 10.55, zaidi ya mara tatu ya thamani iliyokadiriwa, na wanahisa walifoka bila kusikilizwa.

Upande wa wafanyakazi nako hakujatulia. Chama cha Ulsan kilizaliwa katika wimbi la migomo la mwaka 1987, na kwa miaka mingi mgomo ulikuwa karibu sehemu ya kalenda ya kiwanda. Mwaka 1998 walikikalia kiwanda zaidi ya mwezi kupinga kupunguzwa kazi. Ulsan ni kiwanda chenye bandari yake chenyewe na uwezo wa magari yanayozidi milioni 1.4 kwa mwaka. Kikisimama, nchi nzima inasikia.

Kwa hiyo Hyundai ni imara kama Toyota?

Inategemea ni ipi. Hyundai ya kabla ya mwaka 2000 ina sifa mbaya iliyoistahili. Za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa zenye injini ndogo za petroli za familia ya Gamma na Kappa, zimejijengea jina la kudumu kwa haki. Santa Fe na Sorento za dizeli za lita 2.2 zina wapenzi wengi. Theta II ya miaka ya 2011 hadi 2019 ni bahati nasibu, na hakuna sababu ya kuicheza ukiwa mbali na muuzaji rasmi. Anayesema "Hyundai zote" kwa sifa au kwa lawama hajafungua boneti.

Toyota ina faida ambayo si ya uhandisi: ukikwama Singida usiku, beringi ya Corolla utaipata asubuhi. Kwa mtu wa safari za mbali hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Nataka kununua iliyotumika. Nianze na nini?

Anza na namba ya chasisi. Iingize kwenye ukurasa wa kampuni au wa mamlaka ya nchi lilikotoka gari uone kama liliitwa na kama kazi ilifanyika; gari lililobadilishwa injini kwa dhamana ni bora kuliko lisiloguswa. Uliza kitabu cha huduma, kwa kuwa Theta nyingi zilizokufa mapema zilikuwa pia zimecheleweshewa oili. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, kisha sikiliza sekunde za mwanzo: mlio wa kugonga kutoka chini, unaofuata mwendo wa injini ukikanyaga mafuta, ni ishara ya kuondoka zako. Chomoa dipstiki uone kiwango cha oili na rangi yake. Kwa yenye gia otomatiki, endesha kwenye foleni dakika kumi, kwani baadhi ya gia boksi za klachi mbili kavu hutikisika zikipata joto. Na kabla hujalipa, piga simu maduka mawili ya spea ya mji wako, uulize bei ya pedi za breki, shokapu za mbele na pampu ya maji ya gari hilo hilo, kwa mwaka wake na injini yake. Wakikuambia "hiyo ni ya kuagiza" kwa vyote vitatu, ongeza gharama hiyo kwenye bei uliyotajiwa kisha upange tena.